Nilivyotafsiri Mwisho wa Ibada ya Saa Tisa

Mtu aliyezoea kutafsiri mahubiri hasikilizi sana. Kiingereza kinaingia sikioni, Kiswahili kinatoka mdomoni, na akili inafuata nyuma polepole kama mtu anayesukuma mkokoteni. Nilianza kazi hiyo nikiwa mwinjilisti kijana nyumbani Tanzania, nikisimama kando ya wageni waliokuja kuhubiri. Kanuni niliyofundishwa ilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Hukuitwa kuhubiri, umeitwa kupitisha.

Nimeishika kanuni hiyo hadi uzeeni, hata hapa Sydney, na Jumapili ninayoikumbuka leo niliishika mpaka mwisho.

Kanisa letu la Kianglikana liko upande wa magharibi wa jiji. Kwa miaka mingi limekuwa na ushirika na dayosisi moja ya Tanzania, ambayo kwa neema ya Mungu ni dayosisi niliyozaliwa. Sisi tunawaombea, wao wanatuombea. Wao wanaleta wageni, sisi tunapeleka walimu katika chuo chao cha Biblia. Wenyeji wa hapa walitupokea vizuri. Nilipolazwa hospitali, mchungaji wetu, kijana mzaliwa wa hapa, alikuja kila siku akakaa kitandani pangu bila haraka. Sitayasahau hayo, na sitaki msomaji ayasahau anaposoma yanayofuata.

Wenyeji walikuwa na ibada yao ya saa nne asubuhi. Sisi tulikuwa na ya saa tisa alasiri, kwa Kiswahili. Walikuja manesi Wakenya waliotoka zamu, madereva wa malori wa bandarini Port Botany, Wakongo, na Warundi waliokulia kambini Kigoma. Kila mmoja ana lugha ya mama yake, ila toba tulitubu pamoja kwa Kiswahili. Alikuwepo bibi mmoja Mrundi kutoka mtaa wa Villawood ambaye Kiingereza kilimkataa kabisa. Wajukuu wake wanamwelewa lakini wanamjibu kwa Kiingereza, naye anabaki kuwatazama midomo. Aliwahi kuniambia, "Muzee, wiki mzima mimi ni bubu. Jumapili saa tisa ndio ninasema." Nilikuwa mwongozaji wa ibada hiyo, na kwa ajili ya watu kama yeye niliipenda.

Basi askofu wa nyumbani akaja kututembelea. Tulisoma naye chuo cha Biblia, tukalala chumba kimoja na kuogea ndoo moja. Mchungaji alitaka kumpangia hoteli, mimi nikakataa. Mwenzangu alale hotelini wakati mimi nina nyumba Granville? Alilala kwangu juma zima. Mke wangu alimpikia dagaa wa Kigoma, naye akashangaa mezani.

"Shemeji, hawa dagaa umewatoa wapi?"

"Hapo dukani tu, Baba Askofu. Huku hata dagaa wana uraia."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kila siku mchungaji alimpitia asubuhi kwenda vikaoni na kumrudisha jioni. Nilimwuliza mnazungumza nini huko.

"Mambo ya ushirika, mwenzangu. Utasikia."

Sikuuliza tena. Mtu aliyeogea nawe ndoo moja humwulizi mara mbili.

Jumapili hiyo tulifanya ibada moja ya pamoja, wenyeji na sisi. Askofu alipanda mimbarini akahubiri kwa Kiingereza, mimi nikasimama kando yake kutafsiri kwa Kiswahili. Nikasikia mama mmoja akimnong'oneza jirani yake, "Mswahili anatafsiriwa Kiswahili, jamani!" Wakacheka chini chini. Nami nilitabasamu. Nilidhani ni heshima kwa wenyeji.

Alipomaliza, mchungaji akaja kusimama upande wake wa pili, wakashikana mikono. Mchungaji akasema ushirika wetu umekomaa. Nikatafsiri. Akasema mwili wa Kristo ni mmoja, hauwezi kukaa vyumba viwili. Nikatafsiri, na wengine wakasema amina. Kisha akasema kwamba, kwa ushauri na baraka za Baba Askofu, kuanzia mwezi ujao ibada ya saa tisa haitakuwepo, na wote tutakusanyika saa nne kwa Kiingereza.

Nilimtazama mwenzangu. Aliitazama pete yake.

Watu walikuwa wananisubiri. Bibi wa Villawood alikuwa kiti cha pili kutoka mbele, ameinua uso, mikono imetulia mapajani, akingoja kusikia habari njema iliyowafanya wazungu wapige makofi. Usiongeze, usipunguze. Nikaisema. Nikaona uso wake ukishuka.

Nje, wakati wa chai, nesi mmoja Mkenya alinijia na kikombe mkononi.

"Mzee, si ungetudokezea tu? Tungejipanga. Hata kuongea nao."

Kabla sijajibu, Bibi akanifikia.

"Muzee, huyu mutu amelala kwako. Amekula kwako. Utaniambia hukujua?"

Mke wangu alifungua mdomo. Nikamgusa mkono, akaufunga. Kwetu mgeni hasemwi angali ndani ya nyumba yako. Unaweza kumlalamikia Mungu, unaweza kumlalamikia mkeo mkiwa wawili, lakini humwaibishi mbele ya watu mtu ambaye mto wake bado una joto kwako. Na askofu alikuwa hatua chache tu, anapigwa picha na watoto. Nikasema, "Bibi, tutazungumza." Akanitazama kama anavyowatazama wajukuu zake, midomoni. Kisha akageuka.

Siku ya kuondoka nilimpeleka mwenzangu uwanja wa ndege. Nilingoja mpaka mizigo yake ipokelewe, maana sasa alikuwa amekwisha kutoka nyumbani kwangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniomba nikatae. Na wewe ukiniomba, nisingeweza kukunyima."

"Basi ulijua kwamba ni vibaya."

"Nina chuo kisicho na walimu, mwenzangu. Mwenye shida hiyo, neno hapana kwa wanaompa walimu ni zito kutamka." Akanikumbatia. Nami nikamkumbatia, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea.

Kutoka huko nilikwenda kwa mchungaji. Alishangaa kwelikweli kuniona nimeumia.

"Lakini tuliuliza," alisema. "Hatukutaka kuamua wenyewe. Tulimwuliza askofu wenu."

Nikamwambia kwa upole kwamba askofu wetu ni yuleyule wake, wa hapa Sydney. Ndiye aliyewawekea mikono watoto wetu. Chini yake tunaoana na tunazikana. Yule mwingine ni wa Watanzania walioko Tanzania. Wakenya hawamjui. Warundi hawamjui. Bibi alimwona kwa mara ya kwanza Jumapili ile, akampigia vigelegele. Mlimwuliza Mwafrika mmoja, nikamwambia, mkadhani mmetuuliza sote.

Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Aliomba radhi, na ninaamini ilitoka moyoni. Lakini nafasi ya alasiri ilikuwa imekwisha kuahidiwa kwa vijana wa kanisa, na jambo lilikuwa limetangazwa mbele ya wote. Tena lilitangazwa kwa lugha mbili, aliniambia, kwa sauti ya kunishukuru.

Sasa ninakwenda saa nne. Ninakaa, ninaimba, ninamsikiliza yule mchungaji kijana akihubiri, na anahubiri vizuri. Manesi wengi wamekuja. Madereva wengi hawakuja. Mara moja moja naombwa kusimama mbele na kuwasalimu watu kwa Kiswahili, ili ushirika wetu uonekane. Nasimama.

Bibi hakuja hata mara moja. Kwa hiyo Jumapili moja nilikwenda Villawood na kitabu changu cha sala, nikabisha mlango wake saa tisa. Nilimweleza yote jikoni: kwamba sikujua, kwamba mgeni alikuwa bado ndani. Alisikiliza mpaka mwisho akimenya ndizi.

"Ungesema siku ileile," alisema, "ningekudharau." Akanawa mikono, akajifuta, akavuta kiti. "Fungua kitabu."

Tangu hapo tunasali hapo, mimi, yeye na mke wangu, sufuria ikichemka. Toba yake anaisema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyebanwa wiki nzima. Kisha zinakuja sala za maombezi, na katika sala hizo kuna mahali pa kumwombea askofu wa dayosisi rafiki. Nimelipitisha jina lake mahali hapo kwa miaka yote. Siku ile ya kwanza niliposoma, nilifika kwake nikasita, kisha nikamwombea: afya, hekima, walimu wa chuo chake. Sikuongeza, sikupunguza.

Nikangoja amina. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinatetemeka.

"Endelea tu, Muzee," Bibi alisema. "Hiyo amina bado iko njiani."

Nikafunua ukurasa. Ndipo nilipotambua kwamba hata mimi sikuisema.