Nilizama Chumbani, Mtaa Mzima Ukakimbia

Jamani, hadi leo nikipita mtaani kwetu hapa Morogoro naangalia chini. Wiki iliyopita nilikuwa najiandaa kwa safari yangu ya kwanza baharini, kumsaidia shemeji yangu kupeleka boti yake kutoka Dar hadi Mtwara. Mimi muuza ndizi kutoka Matombo kule milimani, bahari naijua kwenye picha tu.

Shemeji akanipigia simu kunielekeza. "Kwanza jifunze kuomba msaada, maana ukiogopa sauti hukauka. Vaa lile jaketi la kuokolea nililokutumia, sema mko wangapi na shida ni nini. Haya, anza!"

Nikavaa, nikaweka simu mezani kwenye spika, nikafumba macho nikapaza sauti: "Tunazama! Tuko watano! Maji yanaingia! Tuokoeni!"

Nilisahau kwamba mvua ilikuwa inapiga milimani tangu asubuhi, na nyumba zetu ziko kando ya mto. Nikarudia, nikarudia tena. Nje nikasikia vishindo, nikadhani watoto wanacheza.

Nikafungua mlango. Majirani walikuwa wanakimbilia barabarani na magodoro kichwani. Bibi Mwanaidi, ambaye miguu haimbebi tena, alikuwa mgongoni kwa mwanawe. Aliponiona na jaketi akalia, "Mjukuu wangu, maji yamefika wapi?"

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hapo shemeji akapiga kelele kutoka mezani, kila mtu akasikia: "Safi, shemeji! Ila zama tena, hiyo sauti bado ndogo!"