Mganga wa maji ameniuliza kama kuna hatari

Leo nimechefukwa, jamaa zangu, na si kwa chakula.

Mganga anayegawa maji ya vita amelipiga marufuku neno hatari hapa Mofu. Ukilitamka, anasema, dawa inalegea na risasi ya Mdachi inapenya.

Haya.

Asubuhi kaja kivukoni na vijana wanaokwenda kuvamia boma la Mahenge. Mwanangu wa pekee yumo.

Mvushaji ni mimi. Ulizeni mto mzima, hakuna anayenizidi.

Kiboko akaibuka. Nikagonga mtumbwi kwa upondo, ndivyo tunavyombishia hodi apishe njia.

Mganga akanidaka mkono.

"Mzee, kuna hatari?"

Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikatema mate.

Nikamwambia mwanangu, "Umemsikia? Rudi nyumbani."

"Baba, dawa ni ya risasi, siyo ya kiboko."

Wenzake wakacheka, akapanda nao. Mganga akasema watangulie, atawafuata.

Nikawavusha, maana mwingine angewazamisha.

Nimerudi, namkuta mganga kwa jirani anakula wali. Eti ananiuliza kama kuna samaki.

Ninyi mngemjibu nini?