Ng'ombe wa Gambuti

Gambuti zangu za kwanza zilikuwa zote za mguu wa kushoto. Nilizinunua Kiptere siku ya soko, enzi zangu za kuchuma majani chai kwa mashamba ya kampuni. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo kuhesabu viatu viwili nilijua, kuangalia vinaelekea wapi sikujua. Nikatembea wiki nzima kama bata. Pale kambini kulikuwa na jamaa wa kutoka upande wa ziwa, naye nikaona anachechemea.

"Omera, nawe umeumia?" nikamuuliza, nikimwita ndugu kwa lugha yao.

Akainua miguu mmoja mmoja. Zake zote za kulia! Kumbe muuzaji ni yule yule. Tukabadilishana moja moja hapo hapo, tukacheka mpaka nyapara akatufukuza. Sijapata rafiki kama huyo tena.

Alipostaafu akarudi kwao, akaniachia ng'ombe wake wa gredi, wa mbegu ya kizungu. "Kwetu jua litamuua," akasema. "Kaa naye." Sisi Wakipsigis jambo hilo tunaliita kimanagan: ng'ombe wa mwenzako analala kwa boma lako, maziwa unakunywa, lakini si wako. Huwezi kumuuza, hata ulale njaa.

Sasa nije kwa meno ya mke wangu, maana ndiyo yalileta shida. Ya mbele yalimtoka, akaacha kuimba kanisani kwa aibu, na yeye ndiye alikuwa akianzisha nyimbo. Nikakopa kwa simu, akawekewa ya bandia, akaimba mpaka pasta akafunga macho. Mimi nikasahau deni. Simu haikusahau. Wasichana wakaanza kunipigia kutoka Nairobi.

"Mzee, unalipa lini?"

"Bonasi ya kishamba changu cha chai ikitoka."

"Tarehe ngapi?"

"Msichana wangu, hiyo hata mimi naulizia."

Wakachoka, wakapeana jina langu kwa wale watu wa kukusanya madeni. Na niseme mapema, msinihesabu mwizi: bonasi ilitoka, nikalipa yote. Lakini kabla itoke, asubuhi moja akaja jamaa wa suti, viatu vyenye ncha vimejaa matope, na mkononi kamba. Kuona kamba nikajua anamtaka nani.

"Hiyo pesa ulinunua nini?" akauliza.

Mke wangu akatabasamu, meno yote nje. "Haya hapa. Utaenda nayo?"

Jamaa akaangalia kando. "Nitaenda na ng'ombe."

Deni ni langu, hata matusi ningevumilia. Lakini yule wa gambuti nitamwambia nini?

"Si wangu," nikasema. "Ni kimanagan."

Akacheka. "Mzee, tangu nianze hii kazi sijakuta mtu ako na ng'ombe yake. Zote ni za shemeji!"

"Chukua redio. Chukua viti. Chukua hata kitanda, tutalala chini. Huyo wacha."

Hakusikia. Akaenda akamzungushia kamba shingoni. Hapo mke wangu akamsogelea na kumuuliza kwa Kikipsigis, pole pole kama anauliza habari ya mama yake: "Wewe ukiwa mdogo, ulikunywa maziwa ya ng'ombe wa nani?"

Mkono wake ukasimama. Ng'ombe akamlamba kiwiko cha suti, naye wala hakujifuta.

"Ya kimanagan," akasema mwishowe. "Baba hakuwa na ng'ombe wake."

"Na mtu wa deni angekuja kwenu na kamba?"

Mke wangu akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akammiminia mursik kikombe kizima, yale maziwa yetu ya kugandishwa yenye vumbi la mkaa. Akainywa wima, akabaki na masharubu meupe. Aliponirudishia kikombe hakuniita mzee tena. Aliniita boiyot, vile tunavyowaita wazee wetu tukiwaheshimu.

"Boiyot, bonasi ikitoka, lipa kwa simu. Mimi hapa sikukuta ng'ombe."

"Na huyu aliyekulamba?" mke wangu akamchokoza.

"Huyo ni mgeni kama mimi."

Akateremka kuelekea barabarani, akiruka madimbwi na vile viatu vyake vya ncha. Nikamwita, maana kamba yake bado ilikuwa shingoni mwa ng'ombe. Akapunga mkono bila kugeuka, na hakurudi tena.