Sehemu Mbili Kati ya Tano za Makala Yangu

Makala yangu ya kura za uwiano ilikuwa ndefu. Ukianza kuisoma stendi ya Bukoba, unafika Muleba gari limepata pancha mara mbili na wewe bado uko kwenye utangulizi. Niliiweka kwenye wiki yetu, tovuti ya kuandika pamoja tuliyoianzisha wahitimu watano wa shule ya jioni pale Kahororo ili elimu tuliyoipata kwa kusinzia isipotee bure. Kabla yangu, mbinu za uwiano zilikuwa zimetapakaa, kila mtu kaandika yake. Nikazikusanya, nikaziunganisha, nikazipanga. Nilijiona nimeipanga nchi nzima.

Tatizo likawa mifano. Kura za uwiano maana yake ni kwamba chama chenye nusu ya kura kinapata nusu ya viti, chenye robo kinapata robo. Basi vyama vyangu vyote vilikuwa ndizi: Chama cha Ndizi za Kupika, cha Ndizi za Kuchoma, cha Ndizi za Pombe. Wasomaji wakaanza kuuliza zinaiva lini.

Msimamizi wa wiki, ambaye ni fundi cherehani, akatuita dukani kwake Jumamosi tuamue: ifutwe au ibaki.

"Ndugu yangu," akaniambia huku akitafuna senene, "siasa iko wapi humu?"

"Iko kwenye maganda!" akadakia mwenzetu wa bodaboda.

Wao wakicheka, mimi naona maisha yanaisha. Makala ile mama alikuwa amewaonyesha majirani wote, pamoja na ng'ombe wao.

Tukanyoosha mikono. Watatu, ifutwe. Ibaki, wawili: mimi na shangazi yangu, tuliyesoma naye darasa moja, aliyekuja kutoka Kimwani kwa ajili hiyo tu.

"Imefutwa," msimamizi akasema, kidole tayari kwenye kompyuta.

"Mae waitu, subiri!" Niliruka, nusura nitoboe bati. "Si tumeandika wenyewe kwamba wengi hawachukui vyote? Mko watatu kati ya watano. Futeni sehemu tatu. Mbili ni zetu!"

Bodaboda alicheka mpaka senene wakampalia. Msimamizi akatafuta kosa kwenye hoja yangu, akatafuta hata chini ya cherehani, akakosa.

"Haya, chagua za kubaki."

Nikaanza kuchagua. Shangazi akanigonga bega.

"We, mbona unachagua zote? Kura yangu imeenda wapi?"

"Shangazi, si tuko chama kimoja?"

"Nani kakuambia? Mimi nimepigia ndizi. Hesabu zako hata sikuzisoma."

Ikabidi nimpe fungu lake. Akavaa miwani, akasoma, akaguna. "Umeandika ndizi za pombe unaweza kumpikia mgeni! Umelelewa na nani wewe?"

"Na wewe, shangazi."

"Sogea huko."

Akaliandika upya lote, kuanzia kumenya. Leo ukiifungua, fungu la kwanza linagawa viti, la pili linakufundisha kupika. Waandishi ni wawili, na jina lake limetangulia, kwa sababu yeye ni shangazi.