Utitiri Chini ya Kitanda

Nilirudi Mugoma kumuuguza mama nikiwa mtu wa kuamrisha. Miaka mingi ya kupikia madereva wa malori pale Lusahunga ilinifanya niwe hivyo. Mteja akisitasita unaamua wewe, chai au supu, sahani inatua mezani na maisha yanaendelea. Mama alikuwa amepata kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala, na yeye ambaye kitongoji kizima kilimjua kwa ulimi wake alibakiwa na neno moja tu: oya, yaani hapana kwa Kihangaza. Alilitumia kwa kila kitu. Ukimpa uji, oya, huku mdomo anafungua. Ukimwamkia shikamoo, oya. Mwezi wa kwanza nililia kila nilipolisikia, na kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimelizoea hata halinigusi tena.

Kuku walikuwa wake, wa kienyeji, na nilijiapiza kwamba mikononi mwangu hatapungua hata mmoja. Nikawaongeza. Nilinunua mitetea watano Lusahunga kwa mchuuzi, na kwa kuwa sipendi kuacha kitu, nikaomba na tenga lake la mbao lililochakaa. Nililivunja, mbao zake nikazipigilia bandani ziwe za kulalia kuku. Wifi yangu, mke wa kaka tunayeishi naye ua mmoja, alisema mbao zile zinanuka. Nikamwambia kuku hawana pua.

Utitiri uliingia hapo. Kwa asiyeujua, ni mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, mwenye rangi ya vumbi, na akishiba damu anakuwa mwekundu. Nilianza kuona mayai yana vidoa vyekundu kwenye ganda. Halafu ule upanga wa kichwani mwa kuku ukaanza kupauka, wakawa wanazubaa uani kama watu waliofiwa. Nikawaosha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, mmoja mmoja, huku wananikwaruza mikono. Nikamwaga majivu. Nikaloweka tumbaku, maji yake nikapulizia kuta. Nikapaka mafuta ya taa miguuni mwao. Kila mara walipata nafuu ya siku chache, kisha ukarudi ule ule. Mitetea wawili walikufa wiki moja. Niliwaokota sakafuni asubuhi, wepesi kama vibuyu vitupu, na nilitukana matusi ambayo mama angekuwa mzima angenichapa kwa mwiko.

Mwishowe nilimwita afisa mifugo. Alikuja na pikipiki, mtu mzima wa rika langu, mpole, mwenye kikohozi. Alimshika kuku mmoja, akampekua chini ya mabawa, akamwachia.

“Mama, unaosha kuku bure,” alisema. “Mdudu huyu mchana hakai kwa kuku. Anakaa kwenye ubao, anangoja giza.”

Akatoa kisu, akakichomeka kwenye ufa wa mojawapo ya mbao zangu za Lusahunga, akakivuta. Kisu kilitoka na kitu kama majivu, ila majivu yale yalikuwa yanatembea. Akayasaga kwa ukucha. Ukucha ukawa mwekundu.

“Damu ya kuku wako hiyo.”

Akaniambia la kufanya. Mbao zote nichome moto. Nyasi zote za viota nichome. Maji yanayochemka kwenye kila ufa, kisha dawa banda zima, na baada ya wiki nirudie, maana mayai yake hayafi mara ya kwanza. Nikamuuliza juu ya mtetea mmoja aliyekuwa anaatamia mayai kumi na moja. Akasema huyo nimtoe, dawa isimguse wala isiguse mayai, lakini nyasi zake nazo zichomwe, apewe mpya.

Nilifanya yote siku ile ile isipokuwa hilo la mwisho. Kuku anayeatamia ukimvuruga anasusa mayai, kila mtu anajua, na mimi nilikuwa najua kuliko kila mtu. Nilimtazama mchana kweupe, nikapuliza manyoya yake, sikuona kitu. Saa moja tu tangu nielezwe kwamba mchana hauonekani! Nikambeba na kapu lake, na nyasi zake, na mayai yake.

Kwetu kuku anayeatamia hulazwa chumbani kwa mama mwenye nyumba, chini ya kitanda. Kuna joto, kicheche hafiki, na vifaranga wakianza kulia ndani ya mayai yeye ndiye wa kwanza kuwasikia. Mama alifanya hivyo maisha yake yote. Nilipolisukuma kapu chini ya kitanda chake nilijiona mtoto mwema, nikamwambia, “Mama, nimekuletea mwenzako.” Akalitazama kapu. Akasema oya. Nikamfunika shuka miguuni nikatoka kwenda kuchoma mbao.

Banda lilipona. Sikuamini. Baada ya dawa ya pili kuku walianza kuparua tena, upanga ukarudi kuwa mwekundu, na majirani walikuja kuona nilivyopaka chokaa. Nilitamba, siwezi kuficha. Nilieleza habari ya kisu na ukucha kana kwamba kisu kilikuwa changu.

Ndani ya siku hizo hizo mama akaanza ukaidi. Mchana alishinda barazani kwenye kiti chake, mtulivu. Jioni mimi na wifi tulimbeba kumpeleka kulala, mimi mabegani, yeye miguuni, na tukifika mlangoni pa chumba mama alikuwa anaurusha mkono wake mzima, wa kushoto, anashika mwimo wa mlango. Anashika hasa. Oya, oya, oya. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu nilimkemea kama mtoto. Ilipofika wiki nikawa nambandua vidole kimoja kimoja. Alikuwa na nguvu katika mkono ule kuliko nilivyodhani, na mimi nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, kwa hiyo nilivuta kwa nguvu. Siku moja ukucha wa kidole chake kidogo ulichanika. Niliufunga kitambaa, nikamwambia ni yeye mwenyewe aliyetaka.

“Wifi, mama anaogopa kurara humu,” wifi alisema. Kwao ni upande wa Burundi, na Kiswahili chake huwa anakisema taratibu akichagua maneno. “Mtazame macho. Si ukaidi.”

“Ugonjwa wa kichwa huo,” nikamjibu. “Wewe shika miguu.”

Alikuwa na vipele. Niliviona nikimwogesha, shingoni, mgongoni, na kwenye bega la ule upande uliokufa, vidogo vyekundu. Nilikwenda zahanati peke yangu, nikamweleza muuguzi kwamba mgonjwa wangu ana upele, wala sikusema labda. Akanipa dawa ya upele. Nilimpaka mama mwili mzima jioni tatu mfululizo. Mahali alipojikuna ilimwingia, akawa anatoa sauti ya chini kwa chini, nami nikimwambia avumilie, inamtibu. Kisha nambeba, nambandua mlangoni, namlaza palepale.

Siku ya kumi na saba ya kuatamia, asubuhi, nilimkuta yule mtetea uani. Alikuwa ameacha mayai. Nikamkamata, nikamrudisha kapuni. Nikienda kuchota maji nikamkuta tena nje, amesimama juani, anajidonoa kifuani. Manyoya ya tumbo yalikuwa yamenyofoka. Hasira ikanipanda, siku nne tu zilibaki vifaranga watoke! Nikamrudisha mara ya tatu, nikapiga magoti nimfunike kwa ungo na kuukandamiza kwa jiwe, asitoke tena.

Hapo nikiwa magotini, mkono wangu umeegemea chaga ya kitanda, nilihisi kitu kinatembea hadi kwenye kiwiko.

Nilivuta kapu nje kwenye mwanga. Nyasi zilikuwa zinatembea. Nilirudi nikatazama kitanda, alichokichonga baba kwa mbao za mkaratusi zenye nyufa za miaka, na kila ufa ulikuwa umejaa yale majivu. Nilichukua kisu cha jikoni, nikachomeka, nikavuta, nikasaga kwa ukucha kama nilivyoonyeshwa. Ukawa mwekundu. Kuku alikuwa ameacha kuwalisha wadudu wale kwa sababu ana miguu. Nilijua damu ile ni ya nani.

Sikulia wakati ule. Nililia baadaye, jikoni, wifi akiwa ameketi karibu nami bila kunikumbusha alichokuwa ameniambia, na afadhali angenikumbusha. Kitanda tulikichoma uani pamoja na kapu na mayai. Chumba tukakimwagia maji yanayochemka, dawa, chokaa, na baada ya wiki tukarudia. Fundi alileta kitanda cha chuma. Nilimwogesha mama kwa maji ya uvuguvugu, nikavihesabu vipele hadi nikashindwa. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwomba msamaha kwa Kihangaza, polepole, neno kwa neno.

“Oya,” alisema.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimelifanya neno lile lisiwe na maana, kwa hiyo sikuwa na haki ya kuuliza ana maana gani.

Jioni ambayo chumba kilikuwa tayari tulimbeba. Godoro jipya, shuka jipya, harufu ya chokaa. Tulipofika mlangoni mkono wake ukaruka, ukashika mwimo. Nikamwambia, “Mama, hakuna kitu tena, nimekagua kwa mikono yangu.” Mkono haukulegea. Wifi akanitazama, akingoja nifanye nilivyozoea kufanya. Nikamwomba asogeze kiti. Tukamketisha mama palepale kizingitini, nami nikakaa chini kando yake. Hakuna aliyemgusa vidole. Tulikaa hivyo hadi usingizi ulipomchukua na vidole vikafunguka vyenyewe, ndipo tukamwingiza.

Kesho yake vilevile. Na keshokutwa. Kiti hakikutoka tena pale mlangoni. Mama aliishi miezi minne baada ya hapo, kuku wake wakiwa wazima wote, na katika miezi hiyo minne hakuingia chumbani kwake akiwa macho hata siku moja.