Nilijisifu Kuvuta Bangi, Kijana Yangu Akaniamini

Admin, jina langu weka chini ya mkeka. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, ama sabini na mbili, inategemea nani anauliza. Nakaa Bokoli. Shule niliiona nikipita na ng'ombe, kwa hivyo hii naandikiwa na binti yangu, na nimemwambia asininyooshee maneno. Kwa kupiga hadithi sina mwenzangu kutoka Bungoma mpaka Kitale. Watu wameacha ugali ipoe wakinisikiliza. Lakini nimechoka, bana. Nimechoka hata kucheka.

Ile miaka simu ya mkono ilikuwa moja kwa ploti nzima, nilienda Tuwan, pale Kitale, kutembelea kijana yangu, tumwite Simiyu. Alikuwa fundi wa baiskeli, mkono safi sana. Siku moja tumekaa na wazee kwa pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake kwa chungu, akakuja msichana mmoja wa chuo na karatasi. Ati anafanya utafiti, bangi inafanyia watu nini kwa akili. Wazee wote wakaangalia chini. Mimi nikaona hapa kuna mtu anataka hadithi na hakuna wa kumpa.

"Andika, mama," nikamwambia. "Nimevuta miaka thelathini. Nilikuwa naamka navuta, nalima ekari moja Endebess kabla ya chai. Si uniangalie! Kuna nati imelegea?"

"Hujawahi kusikia sauti, mzee?"

"Ya bibi yangu tu, na hiyo hata bila bangi inasikika."

Wazee wakacheka mpaka mirija ikatoka kwa chungu. Msichana akaandika yote. Simiyu alikuwa nyuma yangu na spoku ya baiskeli mkononi, ananiangalia kama mtu ameona baba yake mara ya kwanza.

Watu wangu, mimi sijawahi kuvuta bangi. Hata sigara inanikohoza.

Baada ya miaka mbili nikaitwa. Simiyu amekuwa wa kuvuta kila siku, na sasa ametoa mabati kwa nyumba ya kukodi, ati kuna watu wanalala huko juu wanamtaja jina. Baiskeli za wateja amefungua zote na hawezi kurudisha hata moja. Tukampeleka hospitali. Daktari akasema si kila mtu bangi inamfanya hivi, lakini huyu imemshika vibaya. Aache, ameze dawa, anaweza kupata nafuu. Aliacha miezi minne, akaanza hata kunitania. Halafu akatupa dawa, akarudia.

Nikamkalisha chini. "Simiyu, nilidanganya. Sijawahi kuvuta."

Akacheka polepole. "Daktari amekutuma, baba. Wewe ulivuta miaka thelathini na uko sawa. Mimi damu si ni yako?"

Nikaenda kwa mzee mwenye tulitahiriwa na yeye mwaka moja. Kwetu huyo anaweza kukuvua nguo kwa maneno mbele ya watoto wako na usikasirike. Nikamwomba akuje amwambie kijana ukweli. Akakuja kweli, akakaa, akasema, "Wacha uoga, bana! Si mimi mwenyewe nilikuwashia kibiliti pale Endebess?" Na hakuwa anatania. Hiyo hadithi nimeirudia kwa wazee miaka yote, ameisikia mpaka na yeye ameingia ndani yake. Mama Simiyu ndiye alijua kila kitu yangu, na huyo tulishazika.

Miaka imeenda, sasa kijana yuko hapa nyumbani Bokoli. Saa hii amekaa nje anajibu watu mimi siwaoni. Nikimkaribia anatabasamu, ananiuliza, "Baba, wewe ulifanyaje ikakuzoea?"

Msiniambie niombe, naomba. Kunitukana pia wacheni, hiyo nimejifanyia ya kutosha. Nishaurini tu: mtu amedanganya maisha yake yote na watu wakafurahi, akitaka mtoto wake amwamini mara moja, hii moja tu, anafanya nini?