Nusu ya Mutie

Huko Umoja, Nairobi, Nzilani ni Mama Muindi, muuza mapazia wa soko la Gikomba asiyepunguza bei wala kupandisha sauti. Nyumbani kwao Makueni anajulikana kwa jambo jingine: ndiye aliyechimba shamba la mtu aliyemshtaki.

Kilima chao kiko Makueni, lakini wenye mashamba wengi wako Umoja, wakilima kwa simu. Ndiyo maana shirika la kuhifadhi udongo lilipotoa ahadi yake, mkutano ulifanyika sebuleni kwa Nzilani. Shirika lingeleta mtaalamu, zana na miche ya nyasi. Wenyeji wangetoa nusu yao ya gharama kwa jasho, kila shamba jasho lake, na wangechagua wenyewe pa kuanzia. Shamba la kwanza likikosa nusu hiyo, shirika lingehamia kilima kingine.

Baada ya chai mbili, mkutano uligundua kwamba palipoharibika zaidi ni kwa kila aliyekuwapo. Nzilani ndiye aliyekuwa na haki ya kulia. Korongo lilikuwa limemlia shamba hadi karibu na jiko la mama yake, na mama yake alikuwa bado anapikia humo. Alipoulizwa, alitaja shamba la Mutie.

Mutie, mchonga vinyago anayeishi mtaa wa pili, ndiye mwenye shamba lililo juu ya lake, na kwa miaka kadhaa amekuwa mahakamani na Nzilani kwa ajili ya kipande cha mpaka ambacho mbuzi mnene angekijaza akilala.

“Maji yanatoka kwake,” Nzilani alisema. “Tukianzia kwangu, mvua ya kwanza itafukia kazi yote.”

“Mahakamani umeshindwa kuingia kwangu,” Mutie alimjibu, “sasa unakuja na jembe.”

Watu walicheka. Mutie akaongeza kwamba yeye hachimbi, mgongo wake ni wa kukaa. Shirika likaonekana linaelekea kilima kingine.

“Nusu yake nitachimba mimi,” Nzilani alisema.

Mutie alifikiri, akaona hatari, kisha akaona hatari hiyo haimgharimu kitu. Akamruhusu, kwa sharti kwamba atakuwapo kumwangalia.

Agosti Nzilani alifunga kibanda, akapanda gari. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kulimiana zamu, walimpokea kwa majembe yao. Mutie alifika akiwa na koti, mwavuli na kiti cha plastiki, akakaa juu ya mpaka hasa, kama jiwe la mpimaji lililopata nauli.

Asubuhi nzima aliulinda. Wanawake walichimba mtaro upande wa chini kabisa wa shamba lake, wakimwuliza kama kiti nacho kinahesabiwa kwenye nusu yake. Karibu na saa sita jambo lilimkera.

“Mama Muindi, mbona udongo unautupa huku juu kwangu?”

“Ni wako, Baba Kamene,” Nzilani alisema bila kuinuka. “Kila mvua umekuwa ukiniletea. Nimechoka kupokea.”

Mutie aliutazama mpaka, akalitazama korongo lililokuwa chini yake. Kwa miaka yote ya kesi, shamba lake lilikuwa likihamia kwa mshtakiwa kwa miguu yake lenyewe. Kisha akatafuta kosa, na kwa kuwa ni mchongaji, akalipata.

“Ukingo wako umepinda,” alisema, akavua koti, akaomba jembe.

Nusu yake ilitimia kabla ya mvua, sehemu kubwa ikiwa kwa mkono wake, na hakuna aliyetaja mgongo. Novemba maji yalifika mitaroni yakasimama, yakazama polepole penye nyasi changa. Korongo halikusonga.

Kesi ya mpaka bado inaendelea. Siku inapotajwa mahakamani wanapanda gari moja kutoka Umoja, wakijadili mbegu. Kile kiti Mutie alikisahau siku ya kwanza alipoinuka. Kiko jikoni kwa mama yake Nzilani, ambaye hukikalia akichochea moto, na Mutie hajakidai.